Nimekutwa na HPV: je, tayari nina saratani, na ninaiambukiza nyumba nzima?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina miaka 38, naishi Mbagala, nina watoto wawili. Ninaishi na VVU tangu 2014, niligundulika kliniki ya wajawazito. Dawa sijawahi kuacha na kwa miaka mingi naambiwa virusi havionekani. Mume wangu hana VVU na anaijua hali yangu. Mwezi uliopita nilipoenda CTC, kliniki ya VVU, kuchukua dawa, nesi alinipa kijiti chenye pamba nikajichukulie sampuli mwenyewe ukeni. Baada ya wiki tatu nikapigiwa simu kwamba nimekutwa na HPV, nirudi. Sijarudi mpaka leo. Wifi yangu tunayekaa naye anasema hiyo ndiyo saratani ya kizazi na inaambukiza. Ameshatenga vikombe na ndoo ya kuogea. Mume wangu ananiuliza nimeitoa wapi. Jirani ameniletea dawa ya kusafisha kizazi, nimeitumia siku tano. Nafikiria niombe nitolewe kizazi kabisa ili yaishe. Halafu binti yangu ana miaka 12, shuleni wanachanja chanjo ya saratani, lakini kwenye kundi la WhatsApp wanasema inawafanya wasichana wasizae. Naomba ukweli. Nilisahau: mara mbili nimeona matone ya damu baada ya kukutana na mume wangu, ila si mengi.

JIBU: Dada yangu, naanza na mstari wako wa mwisho, ule ulioandika kama kitu ulichokisahau. Damu inayotoka baada ya tendo la ndoa, kwa mwanamke wa miaka 38 anayeishi na VVU na ambaye kipimo chake cha HPV, kirusi kinachoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi, ni chanya, haingoji tarehe ya kuchukua dawa. Nenda kituoni wiki hii. Yako mambo mengi yanayoweza kuileta, na mengi kati ya hayo si saratani kabisa: klamidia au kisonono, kinyama laini kilichoota kwenye mlango wa kizazi, ukavu, michubuko, hata hiyo dawa ya jirani. Hukusema kama damu ilitangulia dawa au iliifuata. Lakini mimi nikiwa hapa siwezi kuyatenganisha hayo, wala wifi yako hawezi, wala kipimo cha HPV chenyewe hakiwezi. Anayeweza ni mhudumu aliyekaa mbele yako na taa, akautazama mlango wa kizazi kwa macho yake.

Nakwambia hivi nikimkumbuka shangazi yangu. Alitokwa na damu ya namna hiyo karibu mwaka mzima, na kila alipokwenda kwenye zahanati ya mtaani kwao alipewa dawa za fangasi akarudi nyumbani. Hakuna hata mtu mmoja aliyemlaza kitandani akamtazama. Tulipompeleka mjini, ugonjwa ulikuwa umeshatembea. Kwa hiyo ukienda na ukapewa vidonge bila kutazamwa, sema kwa heshima lakini bila kusita kwamba unaomba kuangaliwa kwa spekulamu, kile kifaa cha kupanulia uke. Hiyo ni haki yako.

Nieleze pia mimi ni nani, ili ujue mipaka ya maneno yangu. Unaniita daktari, lakini si daktari wa wodini. Kazi yangu ni ya maabara: nachunguza jinsi vijidudu vinavyoambukiza, hasa virusi, vinavyoweza kuigeuza seli ya kawaida ya mwili kuwa seli ya saratani. Naweza kukueleza kinachoendelea ndani ya mwili na kwa nini wahudumu wanakushauri hivi au vile. Kukutibu ni kazi ya wanaokuona.

Sasa tuje kwenye hofu yenyewe. Umeuliza mambo mengi, lakini chini yake naona swali moja: je, nimeshapata saratani, na ninawaletea hatari watu wa nyumbani kwangu? Majibu uliyopigiwa simu si majibu ya saratani. Kijiti kile kilipelekwa maabara kutafuta vinasaba vya kirusi, basi. Hakikutazama seli zako zina hali gani. Kilichosema ni kwamba kirusi chenye uwezo wa kuleta saratani kipo kwenye mlango wa kizazi chako. Kati ya hapo na saratani kuna safari ndefu, ambayo kwa wanawake wengi hata haianzi.

Huenda sehemu ya vurugu nyumbani imetokana na majina. VVU kwa Kiingereza ni HIV, na hiki kingine ni HPV. Herufi zinafanana, ndiyo maana watu huvichanganya, lakini ni virusi viwili visivyo na undugu. VVU hukaa kwenye damu na kushambulia askari wa kinga ya mwili. HPV, kirusi cha papiloma, hakiishi kwenye damu; kinaishi kwenye ngozi na kwenye utando laini wa sehemu za siri, wa mdomo na wa koo. Aina zake zinazidi 200. Nyingi huleta vijinundu visivyo na madhara makubwa, kama vile sugu za vidole na masundosundo. Zipo aina zipatazo 14 zinazohesabiwa kuwa hatari, na mbili kati yake, ya 16 na ya 18, ndizo zinazohusika na takribani asilimia 70 ya saratani zote za mlango wa kizazi duniani.

Ndiyo maana dawa zako za kufubaza VVU, ulizozimeza kwa uaminifu miaka yote hii, hazikukuondolea HPV. Hazikutengenezwa kwa ajili yake. Ni kama ufunguo wa mlango wa mbele na kitasa cha mlango wa uani. Nimesikia kina mama wakisema, "Lakini virusi vyangu havionekani, hivi vimetoka wapi?" VVU vyako havionekani, na kwa sababu hiyo humwambukizi mume wako VVU kwa njia ya ngono. Hilo limethibitishwa na mlishikilie. Ila kanuni hiyo haihusu HPV.

Je, saratani inaambukiza? Haiambukizi. Wifi yako amechanganya kirusi na ugonjwa unaoweza kutokana nacho baada ya miaka mingi. Kirusi cha HPV ndicho hupita kutoka kwa mtu hadi mtu, na aina hizi za sehemu za siri hupita kwa kugusana ngozi kwa ngozi wakati wa kujamiiana. Seli ya saratani ikitoka kwa mtu mmoja na kuingia kwa mwingine, kinga ya huyo wa pili huiona ni mgeni na kuimaliza. Mbwa wanao uvimbe mmoja wa saratani ambao kweli huambukizana wakipandana, na wanasayansi wanaustaajabia kwa sababu ni jambo la nadra mno kwa viumbe. Kwa binadamu wanaoishi nyumba moja, halipo. Vikombe virudi kabatini, ndoo irudi bafuni. Wanao wakumbatie, upike, ule nao sahani moja. Najua kinachouma zaidi hapo si ugonjwa, ni ile ndoo iliyotengwa.

Mume wako anauliza umeitoa wapi. Swali lake lina uzito kwa amani ya nyumba yenu, kwa hiyo naomba asome aya hii mwenyewe. Maabara haiwezi kulijibu. HPV ni maambukizi ya kawaida kiasi kwamba wengi wa watu waliowahi kufanya ngono huyapata wakati fulani maishani, na karibu wote hawajui. Mara nyingi kinga ya mwili hukifukuza kirusi au kukilaza ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kikilala kinaweza kukaa kimya miaka mingi, kisha kikaonekana tena kwenye kipimo. Kinachoonekana leo kinaweza kuwa kiliingia kabla hamjafunga ndoa, kwako au kwake. Hakuna kipimo cha kawaida cha kumpima mwanamume HPV kama tunavyowapima wanawake. Kipimo hiki hakithibitishi usaliti wa yeyote, na mtu asikitumie hivyo. Kondomu inapunguza uwezekano wa kuambukizana, ingawa haimalizi, kwa sababu kirusi kinakaa pia kwenye ngozi isiyofunikwa nayo.

Nataka sasa nikueleze kirusi kinafanya nini hasa, maana mtu akielewa hapo, mengine yote hujipanga.

Mlango wa kizazi una sehemu ambapo aina mbili za seli zinakutana, zile ngumu za upande wa uke na zile laini za upande wa ndani. Mpaka huo hausimami mahali pamoja. Unasogea tangu kubalehe, kwenye ujauzito, hadi kukoma hedhi. Seli zake zinabadilika muda wote, na ndipo HPV inapopenda kuingia. Kupitia michubuko midogo isiyoonekana kwa macho, kirusi hushuka hadi kwenye tabaka la chini kabisa, kwenye seli mama zinazozaa zile za juu. Pale kinajificha. Hakiui seli, hakileti homa wala usaha, ndiyo maana hukusikia chochote. Kinapanda taratibu pamoja na seli zinapokua, kinazaliana kikifika juu, na kutoka pamoja na seli zinazobanduka.

Matatizo huanza pale kirusi kisipoondoka. Kila seli ya mwili wako ina walinzi. Kuna protini iitwayo p53: seli ikiharibika vinasaba, p53 huisimamisha irekebishwe au huiamuru ife. Kuna nyingine iitwayo Rb, ambayo ni breki inayozuia seli kugawanyika hovyo. HPV ya aina hatari ina silaha mbili, E6 na E7. E6 huikamata p53 na kuifanya ivunjwevunjwe. E7 huing'ang'ania Rb hadi breki inaachia. Kirusi hakikukusudia kukuletea saratani. Kinachotaka ni seli iendelee kugawanyika ili nacho kizaliane. Lakini seli isiyo na mlinzi wala breki hukusanya makosa ya vinasaba mwaka baada ya mwaka, hadi siku mojawapo inaacha kutii mwili. Ndiyo maana tunahesabu safari hii kwa miaka.

Tunajuaje? Mwaka 1951, Marekani, mama mmoja wa miaka 31 aitwaye Henrietta Lacks alifariki kwa saratani ya mlango wa kizazi. Naye alikwenda hospitali kwa sababu ya damu na uvimbe aliousikia mwenyewe. Seli za uvimbe wake zilichukuliwa bila yeye kuombwa ridhaa, jambo ambalo kila mtafiti anapaswa kulikumbuka kila anapozishika. Seli hizo zinaendelea kugawanyika hadi leo katika maabara za dunia nzima, na zinaitwa HeLa. Miaka ya 1980 timu ya mtafiti wa Ujerumani, Harald zur Hausen, iliigundua HPV ya 16 na ya 18 kwenye saratani ya mlango wa kizazi, na ile ya 18 ikakutwa ndani ya seli za mama huyo. Mwaka 2008 zur Hausen alipewa Tuzo ya Nobel. Kuna jambo moja kuhusu seli hizo ambalo mimi bado linanigusa kila nikilifundisha: ukizima E6 na E7 ndani yake, seli ambazo zimegawanyika kwa miongo mingi zinaacha kugawanyika. Walinzi walikuwa bado wapo, wamefungwa tu kamba.

Na VVU vinaingia wapi? Anayemfukuza HPV kwa kawaida ni zile seli za kinga ambazo VVU hupenda kuziangamiza. Kwa jumla, mwanamke anayeishi na VVU ana uwezekano mara sita zaidi wa kupata saratani ya mlango wa kizazi kuliko asiye na VVU. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kwa mwanamke mwenye kinga ya kawaida safari ya kutoka maambukizi hadi saratani huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye kinga dhaifu isiyotibiwa inaweza kuwa miaka 5 hadi 10. Kumbuka neno "isiyotibiwa". Wewe umetibiwa, umemeza dawa bila kuacha, na hilo limekulinda kuliko unavyodhani. Halikurudishi sawasawa na asiye na VVU, lakini kati yako na mwanamke aliyeacha dawa pana tofauti kubwa. Usije ukaacha dawa za VVU kwa sababu ya msongo wa habari hizi.

Watu hunishangaa ninaposema nafanya kazi ya saratani na ya magonjwa ya kuambukiza kwa wakati mmoja, kana kwamba ni vitu viwili vilivyo mbali. Saratani takribani 13 kati ya kila 100 duniani hutokana na maambukizi, na Afrika kusini mwa Sahara sehemu hiyo ni kubwa zaidi. Homa ya ini aina ya B huleta saratani ya ini. Kichocho cha mkojo kisipotibiwa huweza kuleta saratani ya kibofu. Bakteria wa vidonda vya tumbo anahusika na saratani ya tumbo. Kwangu hiyo ni habari njema, kwa sababu ugonjwa ulioanzia kwenye maambukizi unaweza kukingwa kwa chanjo au kukamatwa njiani. Ya mlango wa kizazi ndiyo inayokamatika kirahisi kuliko zote, na bado ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania: makadirio ya kimataifa ni wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 kila mwaka.

Kwa hiyo ukirudi kituoni, tarajia hivi. Utalazwa kitandani, watatumia spekulamu, wapake mlango wa kizazi asidi ya asetiki, ileile iliyomo kwenye siki, iliyochanganywa iwe hafifu. Inawasha kidogo. Baada ya dakika moja hivi, sehemu yenye seli zilizoanza kubadilika hugeuka nyeupe. Wasipoona kitu, wanawake wanaoishi na VVU wenye HPV hushauriwa kurudia kipimo cha HPV baada ya miezi 12. Ukiambiwa hivyo usifikiri umepuuzwa. Kirusi kinapewa nafasi ya kuondoka chenyewe. Lakini kwako wewe, kwa sababu ya ile damu, usiondoke kabla hujaambiwa damu ilitoka wapi.

Wakiona weupe mdogo usio na dalili za saratani, mara nyingi wanatibu siku hiyohiyo, kwa tiba mgando, yaani kugandisha kwa baridi kali, au kwa kuunguza kwa kifaa cha joto. Hufanywa kwa dakika chache na hakuhitaji kulazwa. Utatokwa na majimaji kwa wiki kadhaa, na utaombwa usikutane na mume wako kwa takribani mwezi mmoja ili kidonda kisipate maambukizi; mkishindwa, tumieni kondomu. Eneo likiwa kubwa au likiingia ndani ambako hakuonekani, wataondoa kipande kwa waya wa umeme wenye umbo la kitanzi, chini ya ganzi. Kila njia ina uzuri wake. Mgando na joto ni rahisi na vinapatikana vituo vingi, lakini havibakizi kinyama cha kupeleka maabara. Kitanzi kinabakiza, ila kinahitaji mtaalamu na vifaa zaidi.

Nikwambie ukweli ambao wakati mwingine wahudumu huuruka kwa sababu ya foleni: tiba hizo zinaondoa seli zilizobadilika, haziui kirusi kilichobaki pembeni. Kwa wanawake wanaoishi na VVU mabadiliko hurudi mara nyingi zaidi. Ndiyo maana tarehe ya kurudi baada ya mwaka ni sehemu ya matibabu. Iandike kwenye kalenda ya ukutani, mwambie na mume wako.

Wakiona kitu cha kutilia shaka, hawatakiunguza. Watakata kinyama kidogo kwenda kuchunguzwa, na huenda wakakupa rufaa ya Muhimbili au Taasisi ya Saratani Ocean Road. Najua jina hilo linavyosikika hapa Dar es Salaam. Kuna watu hubadilisha njia wasipite hata mbele ya geti. Jengo lile la zamani lilifunguliwa 1897 kama hospitali ya Wajerumani, wakati homa za malaria ndizo zilizokuwa zikiwatisha watu. Leo humo wanaingia pia wanawake wazima kabisa, waliokuja kuchunguzwa tu na kurudi makwao mchana huohuo. Na hata ikiwa ni saratani, ikiwa changa inatibika kwa upasuaji, na iliyosogea hutibiwa kwa mionzi pamoja na dawa. Mwanamke anayeishi na VVU hupata matibabu hayohayo huku akiendelea na dawa zake.

Kuhusu kutoa kizazi: nakuelewa kabisa unavyotamani yaishe. Lakini usiombe hilo sasa. Ni upasuaji mkubwa, una hatari zake, na haukuondolei HPV, kwa sababu kirusi kinaweza kubaki ukeni. Kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaijui. Kama saratani ipo na kizazi kikatolewa kwa upasuaji wa kawaida kabla ya kujua ukubwa wake, daktari anaweza kuwa ameacha ugonjwa pembeni na kufanya matibabu ya baadaye yawe magumu. Kwanza ijulikane kuna nini. Upasuaji ukihitajika utaamuliwa na anayejua anakata nini na kwa nini.

Dawa ya kusafisha kizazi acha leo. Jirani yako alikuja kwa upendo, usigombane naye. Lakini kirusi kipo kwenye tabaka la chini la seli, na hakuna maji, majani wala kidonge cha kuweka ukeni kitakachokisugua huko. Kinachofanyika ni kuua bakteria walinzi wa uke, kuchubua utando na kuficha dalili ambazo mhudumu anapaswa kuziona. Ukienda, mwambie umetumia na ikibidi ubebe kifuko chake. Na kama kuna za kunywa, taja zote CTC, kwa sababu hata vidonge vya kawaida vya madini ya chuma au kalsiamu, vikimezwa vibaya, vinaweza kupunguza nguvu ya dolutegravir iliyomo kwenye dawa ya VVU wanayotumia wengi.

Binti yako mchanje. Nasema hivyo kama mtafiti, na kama mtu mzima anayempenda mtoto. Chanjo ile haina kirusi ndani. Imetengenezwa kwa protini ya ganda la nje peke yake, bila vinasaba. Ni kifuu kisicho na nazi. Kinga ya mtoto inaliona lile ganda, inajifunza sura yake, na siku kirusi chenyewe kikija kinakuta askari wako mlangoni. Hakuna namna ganda tupu linavyoweza kugusa mayai yake wala mfuko wake wa uzazi. Chanjo hii inatumika duniani tangu 2006 na Tanzania nzima tangu 2018, na haijaonekana kuleta ugumba. Kinachoweza kumnyima msichana uzazi ni saratani ya mlango wa kizazi na matibabu yake.

Na matokeo yanaonekana. Uingereza, wasichana waliochanjwa wakiwa na miaka 12 na 13 walipata saratani hiyo pungufu kwa asilimia 87 wakilinganishwa na rika za kabla ya chanjo. Mwaka 2024 Tanzania ilihamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Watu wengine walinong'ona kwamba tumepunguziwa dozi kwa sababu ya umaskini. Sivyo. Sehemu ya ushahidi ulioifanya dunia iamini dozi moja ilitoka hapahapa nchini: wasichana 930 wa Mwanza walichanjwa dozi moja, mbili au tatu, wakafuatiliwa kwa miaka, na dozi moja ikaonyesha kinga inayodumu. Ila kama kuna msichana anayeishi na VVU, yeye anahitaji zaidi ya dozi moja, kwa hiyo mzazi amweleze mchanjaji faragha.

Utauliza kama na wewe uchanjwe. Chanjo hufundisha kinga kabla kirusi hakijaingia, haikifukuzi kilichopo. Kwa umri wako na hali yako, fedha na nguvu zako ziende kwenye kuchunguzwa na kurudi kwa tarehe.

Ukifika mapokezi, usiseme tu "nimekuja kwa ajili ya majibu", utawekwa kwenye foleni ya majibu. Sema: "Kipimo changu cha HPV ni chanya, natumia dawa CTC, na nimetokwa na damu mara mbili baada ya tendo." Sentensi hiyo moja itakutoa kwenye foleni ya kawaida. Ukiwa kwenye hedhi ngoja iishe, lakini damu ikiwa nyingi ya kulowanisha pedi kwa saa moja, au ukipata uchafu wenye harufu kali, maumivu makali ya kiuno, mguu mmoja kuvimba, au mkojo kukataa, nenda hospitali siku hiyohiyo bila kujali hedhi wala saa.

Na wifi yako, kabla hujamkasirikia kwa ile ndoo, muulize lini mara ya mwisho alichunguzwa mlango wa kizazi. Kama amefika miaka 30, hata kama hana VVU, naye anatakiwa kupimwa. Nendeni pamoja.